Gharama ya Kuolewa na Mwalimu Lalit

Jumapili, 20 Novemba 2022

Baridi imeingia. Vyumba vinne kati ya tisa vina watu. Hita ya namba saba imekufa tena — mgeni wa Hyderabad amelala na koti, asubuhi kanidai punguzo. Nikampa chai ya pili.

Lalit alikuja saa nne. Akala momo kumi na mbili, zile za nyama za kupikwa kwa mvuke, akafuta mdomo, akasema: Ongmu, tuoane. Hivyo hivyo, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Ni mara ya tatu mwaka huu. Nikamwambia, Mwalimu, sheria unaijua. Akasema anaijua sana, anafundisha uraia darasa la tisa, akiulizwa na watoto kuhusu sheria hii huwa anatazama nje ya dirisha.

Niiandike hapa mara moja nisiirudie, maana hata mimi nikiisema kwa sauti naiona ya ajabu. Sisi ambao babu zetu waliandikwa kwenye daftari la Mfalme wa Sikkim mwaka 1961 hatulipi kodi ya mapato. Ni ahadi ya tangu nchi yetu ilipoingia India. Mwaka 2008 Delhi wakaiandika vizuri kuwa sheria, kisha wakachomeka mstari mmoja: mwanamke wa daftari akiolewa na mwanamume asiye wa daftari, msamaha wake umekwisha. Mwanamume akioa nje, hakuna kitu. Kaka yangu Thinlay kamwoa Ketaki kutoka Pune. Hoteli yake ina vyumba arobaini. Halipi hata rupia moja.

Lalit kazaliwa hapa Gangtok, chini ya soko. Baba yake pia. Babu yake alikuwa anauza vitambaa mjini hapa babu yangu mimi akiwa bado anatembea peku. Lakini mwaka ule wa daftari babu huyo aliambiwa: ukitaka kuandikwa, acha uraia wa India. Akagoma. Uzalendo! Basi mjukuu anakatwa kodi kwenye mshahara kila mwezi, mimi ninayeishi ngazi mia mbili juu yake sikatwi.

Kwa hiyo hatuoani. Hakuna aliyetukataza. Tumepiga hesabu tu. Tuseme ukweli, nimepiga mimi.

Jumanne, 22 Novemba

Nilikwenda kwa Bwana Rasaily, mhasibu wangu, juu ya duka la dawa. Nikamuuliza kama kuna njia.

Akacheka mpaka miwani ikashuka. Njia ipo na unaitembea, Dada. Usiolewe! Hakuna sheria ya India inayomlazimisha mtu kuolewa. Kudanganya mapato ni jela. Kukaa bila harusi ni haki yako kamili. Anasema ana wateja kumi na mmoja, wote wanawake, wote wanaishi hivi. Wengine watoto wao wako sekondari. Ukisoma mafaili yangu, anasema, utadhani mji huu umejaa watawa.

Nikiolewa, karibu robo ya ninachopata inakwenda. Kila mwaka, mpaka nife au niachike.

Kuna kesi Delhi, karibu miaka kumi sasa. Wanawake kama mimi na familia za wahamiaji wa zamani kama ya Lalit, wote wamekwenda kulalamika. Hukumu lini? Akainua mikono kuelekea feni.

Kisha akashusha sauti. Njia ya pili: niiandike nyumba ya wageni kwa jina la Thinlay kabla ya harusi. Yeye mwanamume, wa daftari, mapato yake hayaguswi. Halali tupu. Mimi ningekuwa meneja.

Meneja! Kwenye nyumba niliyopaka rangi kwa mkono wangu.

Jumatano, 23 Novemba

Bwana Rasaily hana kifua. Thinlay kaja leo bila kuitwa. Niandikie mimi, mdogo wangu, halafu olewa hata na mpagazi! Akazunguka chumba cha kulia akigonga kuta kwa kidole. Akauliza ukuta huu unabeba dari au ni wa urembo tu.

Ketaki alikuwa nyuma yake, kajifunga shali mpaka puani. Wifi, akaniambia, usimsikilize. Kaka yako alinioa mimi wa Pune na hakuna aliyemdai kitu. Kosa lako wewe ni sketi.

Thinlay akasema wanawake wameanza siasa. Akabeba machungwa sita akaondoka.

Jumamosi, 3 Desemba

Chakula cha mchana kwa Mama Bimla, mamake Lalit. Nilimgusa miguu kwa heshima, akanishika kichwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikajua leo kuna jambo.

Mikate ya mahindi, siagi, kachumbari ya figili. Akala yeye polepole, macho kwangu. Kisha: binti, serikali wanataka ngapi kwa mia?

Nikasema kama ishirini na nne, ukijumlisha yote.

Akafikiri. Mume wangu alichukua mia kwa mia, akasema, na sikwenda kwa mhasibu.

Lalit akakohoa chai.

Mama Bimla si mtu wa kuhubiri. Miaka arobaini kauza vitambaa. Anasema mfanyabiashara mwenye akili huwa haipigi kodi vita, anaipisha tu barabarani, kila mmoja kwenye njia yake. Hilo halimuudhi. Angekuwa na baba mkwe mwenye akili, hata yeye asingelipa. Kinachomuudhi ni mtaa. Majirani wanadhani familia yangu inamkataa mwanawe kwa sababu asili yake ni India ya bondeni. Wanamwonea huruma sokoni! Anasema heri wangemwonea wivu. Nifanye nini, akauliza, nisimame pale kwenye mboga niwaambie siyo kabila, ni kodi?

Niliona aibu, kweli. Nikaomba mkate mwingine.

Jumatano, 14 Desemba

Tumegombana, Lalit na mimi. Kwa heshima, lakini tumegombana.

Alianza kwa utani. Tulikuwa tunapanda kutoka stendi, barabara mpya imemwagwa lami. Akapiga lami kwa kiatu. Hiki kipande changu, akasema, hiki cha kodi ya Novemba. Pita, bibie, usiogope.

Nikamwambia mimi sijaiba. Ni ahadi waliyotupa tulipoacha kuwa nchi. Wakubwa waliahidi, wadogo tunafaidi, ndivyo ahadi zilivyo. Akasema: sijasema wizi, nimesema si haki. Hayo ni mambo mawili. Halali na haki huwa wanakutana, lakini hawaishi nyumba moja.

Mwalimu huyo!

Nikamkumbusha natoa. Mwaka jana nimetoa laki moja monasteri. Nimejenga vyoo vya shule ya msingi, vinne, vya vigae. Akasema anavijua, anapita pale kila siku, jina langu lipo ukutani kwa herufi za dhahabu. Kodi yangu mimi, akasema, imelipa mshahara wa nesi mahali fulani na nesi hanijui. Wewe unachagua choo. Mimi sichagui.

Hapo nilikasirika. Nikamuuliza: kama babu yako angeandikwa, leo ungekwenda kupeleka pesa Delhi kwa hiari yako? Akapanda hatua kama ishirini. Kisha akasema, la. Nisingepeleka. Ningekula momo na kunyamaza, kama wewe.

Hicho ndicho ninachompendea, na ndicho kinachonichosha. Hajipi ubingwa.

Tulipofika getini akaniambia jingine. Shule moja Siliguri, nje ya Sikkim, wanamtaka awe mwalimu mkuu, kuanzia Aprili. Nyumba ipo, kwa mwenye familia. Wanataka jibu kabla ya tarehe ishirini Januari.

Nikauliza: utakwenda?

Akasema inategemea kama hapa nina familia au nina rafiki mwenye nyumba ya wageni.

Jumapili, 25 Desemba

Nyumba imejaa. Watu wa Kolkata na kofia zao za nyani, za sufu mpaka kidevuni. Wanataka theluji, kana kwamba naiweka stoo. Sina muda wa kuandika.

Jumanne, 27 Desemba

Mgeni wa namba tatu ni mwalimu mstaafu kutoka Patna, mama mwenye sauti ndogo. Akitaka kulipa aliuliza: bei hii ni pamoja na kodi? Nikasema ile ya chumba ipo ndani, hiyo tunalipa wote. Akasema nauliza yako, mwanangu, ya kwako wewe. Nikamweleza watu wa hapa hatulipi. Akadhani natania. Alipoona sitanii akasema: mna bahati. Hakukasirika. Akahesabu noti polepole, akaacha na mia mbili za mpishi.

Sijui kwa nini nimeliandika hili. Labda kwa sababu angekasirika ningelisahau.

Jumapili, 1 Januari 2023

Mwaka mpya. Jua kali, mlima umejionyesha wote, wageni wanapiga kelele paani.

Lalit alikuja na machungwa ya shambani kwa mjomba wake. Tukakaa nyuma ya jiko, penye jua. Nikamwambia nimewaza. Tusubiri hukumu ya Delhi. Bwana Rasaily anasema majaji wamemaliza kusikiliza, inaweza kutoka wakati wowote. Wakifuta ule mstari, tunaoana bure. Wasipofuta, tunajua tulipo.

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimelipanga hilo kama zawadi.

Alimenya chungwa lote kwanza. Kisha akaniomba jambo moja: nimjibu kabla ya hukumu. Ndiyo au hapana, yoyote, atapokea. Baada ya hukumu, akasema, jibu lako halitaniambia kitu. Majaji watakuwa wamenijibu wao.

Nikamwambia huo ni upuuzi wa kiume. Mtu akiuziwa kitu kwa punguzo, hakipendi? Akacheka. Akasema: kitu, sawa.

Nimesema nitafikiri.

Ijumaa, 6 Januari

Nimefikiri. Nimefikiri nikihesabu mashuka, nimefikiri nikikaanga. Nikifikiri naona vitu viwili tu. Naona mkopo wa paa jipya, miaka minne bado. Naona na viatu vya Lalit mlangoni, kisigino cha kushoto kimelika upande.

Mama kaniuliza kwa nini sili. Nikamwambia. Mama yangu hasemi sana. Alisema baba yako alipokuja kuniposa, mjomba wake alibeba pombe ya ulezi siku mbili kwa miguu, theluji mpaka magotini, na babu yako akamrudisha. Akaja tena mwezi ule ule. Kwa nini ulimkubali? nikauliza. Mama akasema, ningemkataaje, kashabeba!

Jumanne, 10 Januari

Nimeamua. Nitaolewa na nitalipa.

Nimeliandika, basi limekuwa. Nimewaza ile robo itakwendaje: nitapunguza nyama ya wafanyakazi — hapana, nitaacha kupaka rangi kila mwaka, na gari jipya halipo. Tutaishi. Watu wengi wanaishi. Yule mama wa Patna kalipa maisha yake yote na bado anaacha bakshishi.

Nimempigia Thinlay kumwambia nyumba hii haiandikwi kwa mtu. Akasema nimerogwa. Nikasema ndiyo, na mwalimu, tena wa uraia. Nimecheka peke yangu baada ya kukata simu. Sijacheka hivyo siku nyingi.

Lalit yuko Siliguri mpaka Jumamosi, kaenda kuitazama ile shule. Nitamwambia akirudi, uso kwa uso. Jambo kama hili si la simu.

Jumatano, 11 Januari

Bwana Rasaily kapiga saa kumi jioni, sauti inaruka. Dada Ongmu! Hukumu imepangwa kusomwa Ijumaa. Ijumaa hii, keshokutwa. Usisaini kitu! Usiseme kitu! Kaa kimya kama jiwe la mto.

Nikasema, sijasaini kitu.

Nilishika simu. Jina la Lalit liko la pili, chini ya muuza gesi. Ningebonyeza. Ningesema neno moja, ndiyo, na lingekuwa limesemwa kabla.

Lakini ni siku mbili tu. Na nilishaamua kumwambia Jumamosi, uso kwa uso. Uamuzi wangu ni wa jana, haujabadilika. Kwa nini niukimbize?

Alhamisi, 12 Januari

Wageni sita wameondoka, wanne wameingia. Bomba la namba mbili limeganda.

Lalit katuma picha ya shule. Uwanja mkubwa, miti. Ameandika: nyumba ina jiko linalotazama mashariki. Nikamjibu: pazuri.

Ijumaa, 13 Januari

Wamefuta!

Ule mstari umefutwa. Bwana Rasaily alisoma kwenye simu na mimi nikiwa nimesimama na ndoo. Majaji wanasema mwanamke si mali ya mumewe, ana utambulisho wake mwenyewe, hawezi kunyang'anywa haki kwa kuolewa. Nililia. Sikutegemea. Sikulia kwa ajili ya pesa, nililia kwa ajili ya lile neno, mali. Miaka hii yote nilidhani ni hesabu, kumbe ilikuwa tusi, na mimi nikalizoea.

Na si hilo tu. Wahamiaji wa zamani nao wamesamehewa. Familia ya Lalit! Waliokuwa hapa kabla ya kuungana na India, basi, nao hawalipi. Delhi wamepewa kazi ya kuirekebisha sheria yao.

Nikampigia Lalit. Hakupokea. Nikampigia tena. Saa tisa akatuma meseji: Hongera, Ongmu. Nimesoma habari. Naja kesho.

Mama kaanza kuloweka ulezi.

Jumamosi, 14 Januari

Nilivaa gauni la buluu. Nilikuwa nimepanga maneno.

Alifika saa tano, kachoka na barabara. Nikamwambia mlangoni pale pale, hata begi hajatua: ndiyo. Nitaolewa nawe. Nilishaamua tangu Jumanne, kabla ya hukumu, nilikuwa tayari kulipa yote!

Akanitazama kwa upole. Kwa upole sana. Akasema, nakuamini.

Akakaa, akavua kofia, akaomba chai. Akasema kumbe babu yake aligoma bure, sasa wote wako ndani ya boti moja, waliokataa na waliokubali. Akasema mshahara wake utaongezeka elfu tano na kidogo, na kwamba tangu jana anajaribu kujisikia vibaya kuhusu nesi wake asiyemjua, anashindwa. Tukacheka. Nikadhani limekwisha.

Kisha akauliza, akikoroga chai isiyo na sukari: ulijua lini kama hukumu itasomwa jana?

Ningeweza kusema Ijumaa yenyewe. Nilisema, Jumatano.

Akaitikia kwa kichwa. Akakoroga.

Nikamweleza. Siku mbili tu, Lalit! Nilitaka kukuambia uso kwa uso. Akasema anaelewa. Ni busara, akasema, hata yeye angemshauri mtu hivyo. Hakuna ulichovunja. Ulikaa tu kidogo, ukaacha ipite.

Nikasema, unaongea kama mamako.

Akasema: nilikuwa nataka nikugharimu kidogo, Ongmu. Kidogo tu. Mara moja.

Akamaliza chai yote. Hakuondoka kwa hasira. Ningependa angeondoka kwa hasira.

Jumapili, 15 Januari

Niliwaza kumpa shajara hii aisome. Ukurasa wa tarehe kumi upo, na wino wake. Nikafungua kuutafuta. Unafuatwa na wa kumi na moja.

Nimeirudisha kabatini.

Jumatano, 18 Januari

Mji una kelele. Watu wamekasirikia maneno fulani ndani ya hukumu, wanasema yamewaita baadhi yetu wageni. Wengine wamekasirika kwamba waliokataa daftari wanapata sawa na walioandikwa. Thinlay yuko kundi hili la pili. Anasema sasa kila muuza kitambaa ni Msikkim, na thamani ya daftari imekwisha. Nikamuuliza thamani ipi, wewe hulipi, na wao kutolipa kunakupunguzia nini? Akasema sielewi. Kumbe utamu ulikuwa jirani kulipa.

Lakini huyo huyo ndiye anayeongoza harusi! Kashapiga simu kwa wapishi. Kashamwita Lalit shemeji, mbele ya watu, benki. Mama Bimla anapita sokoni kichwa juu, anatangaza bei za sari za harusi ambazo hajanunua. Ulezi wa Mama umeanza kunukia nyumba nzima. Ketaki pekee ndiye aliyenivuta kando. Wifi, akasema, mbona bwana harusi hana kelele?

Nikasema ni mwalimu. Wako hivyo.

Lalit anakuja kila siku kama zamani. Juzi kanitengenezea hita ya namba saba. Tunaongea habari za bomba, za wageni. Siliguri hajaitaja. Sijauliza. Naogopa, hilo ndilo neno, naogopa.

Ijumaa, 20 Januari

Saa tisa alasiri.

Chini sebuleni wamejaa. Mama, Mama Bimla, Thinlay, na lama wa monasteri mwenye kitabu chake cha nyota. Wanachagua tarehe. Mama Bimla anataka Februari, lama anasema Februari mwaka huu ni nzito. Kila mara wakitaja siku, Thinlay anasema siku hiyo nyama itakuwa ghali.

Lalit alipanda juu, akanikuta hapa mezani. Akafunga mlango. Akasema Siliguri wanataka jibu leo, saa kumi na moja ofisi inafungwa. Nikasema najua. Akasema sikuja kugombana. Nikasema najua hilo pia. Nikamwambia nilikosea siku mbili. Nilisema hivyo hivyo, nilikosea, ningepaswa kupiga simu. Nikashika mkono wake, ukakaa ndani ya wangu, wa moto.

Akasema niulize jambo? Si mtihani.

Uliza.

Ingekuwa kiasi gani? Kwa mwaka huu, kama majaji wasingefuta.

Nikasema: laki sita, elfu hamsini na tisa, mia nane na themanini.

Sikuvuta hata pumzi. Ilitoka yenyewe, mpaka ile themanini.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, vile anavyofanya mtoto akijibu sawa.

Na sisi, akasema. Mimi na wewe tuna miaka mingapi?

Nikafungua mdomo. Nane, nikasema. La — tisa. Subiri. Ile mvua ya mawe, ulipokuja kujikinga hapa barazani, ilikuwa kabla ya tetemeko la ardhi au baada? Kabla. Kwa sababu tetemeko lilitukuta jikoni, ukanivuta chini ya meza. Tetemeko lilikuwa mwaka elfu mbili kumi na moja. Basi ni — nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mbele yake. Nilifika kidole cha mkono wa pili ndipo nikaona ninachofanya, nikakunja mkono.

Kumi na mbili, akasema. Itatimia mwezi wa nne.

Akanibusu kipajini. Akachukua koti lake kwenye kiti.

Ngazi yetu ni moja. Inashukia kati, sebule kushoto, mlango wa nje kulia. Nimemsikia akishuka, bila haraka, kiatu kimoja kizito kuliko kingine. Nami badala ya kumfuata nimekaa, nimeshika kalamu.

Kafika chini.

Thinlay: Shemeji huyo! Njoo, njoo ukae hapa!

Sijasikia kiti. Sijasikia mlango.